Sampuli za Septemba, kibali cha Novemba

Mswada ulifika kwenye jarida ukiwa umejipanga vizuri. Muhtasari haukuzidi maneno yaliyoruhusiwa, majedwali yalikuwa manne na yote yanasomeka, barua ya kamati ya maadili ilikuwa na muhuri na sahihi, na ripoti ya Turnitin, programu ya kubaini maandishi yaliyonakiliwa, ilionyesha mfanano mdogo sana. Mwandishi wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa uzamili wa afya ya jamii. Wa pili na wa tatu walikuwa wasimamizi wake, wa nne mkuu wa idara. Mada: maambukizi ya tegu wa nguruwe kwa watu na kwa mifugo katika vijiji vinane vya Wilaya ya Mbozi, kando ya barabara kuu ya Mbeya kwenda Tunduma.

Niseme mapema: kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya semina ya wahariri na wanafunzi wa uzamili. Simlengi mtu, chuo wala jarida lolote. Vipande vyake ni vya aina inayofika mezani kwa mhariri yeyote wa sayansi za afya huku Nyanda za Juu Kusini. Ugonjwa, dawa, sheria na kanuni ninazozitaja ni za kweli.

Kwanza ugonjwa wenyewe, maana bila kuuelewa suala la tarehe litaonekana ni ukaidi wa makarani. Tegu wa nguruwe, Taenia solium, akiwa mkubwa huishi kwenye utumbo wa binadamu. Anaweza kufikia urefu wa mita kadhaa na mwenye tumbo asihisi jambo la maana. Mayai hutoka na kinyesi, nguruwe anayezurura hukila, na ndani ya misuli yake hutokea vifuko vidogo vyeupe. Binadamu akila nyama hiyo kabla haijaiva sawasawa, anapata tegu, na mzunguko unaanza upya. Hadi hapo ni ugonjwa wa tumbo tu. Balaa huanza mtu anapomeza mayai yenyewe, kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji au kwa mboga mbichi. Hapo binadamu anakuwa kwenye nafasi ya nguruwe: vifuko vinajengeka mwilini mwake, na vikitua kwenye ubongo vinaweza kuleta kifafa. Ndiyo maana hata mtu ambaye hajawahi kuonja nguruwe maishani anaweza kuugua, mradi anaishi au anakula karibu na mwenye tegu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba pale ambapo ugonjwa umekita mizizi, watu wakiishi pamoja na nguruwe wanaozurura, kimelea huyu huchangia asilimia 30 hivi ya visa vya kifafa. Na sisi tunaishi katika nchi ya nguruwe. Asiyeamini apite kwenye mabanda ya kitimoto jioni ya Jumamosi.

Kwa hiyo mada ilikuwa na uzito, na mhariri mkuu aliupokea mswada kwa furaha. Ukapelekwa kwa wahakiki wawili.

Wa kwanza alirudisha mistari mitatu: kazi nzuri, Kiingereza kirekebishwe, ichapishwe. Wahakiki wa aina hii ndio wanaojibu haraka, na wahariri tunawapenda kuliko wanavyostahili. Wa pili, daktari wa mifugo, aliandika kurasa mbili. Hoja yake kubwa ilihusu kipimo cha antijeni, yaani chembe za kimelea zinazoamsha kinga ya mwili, kilichotumika kwenye damu ya nguruwe. Kipimo hicho hakimtofautishi Taenia solium na Taenia hydatigena, tegu mwingine ambaye mbwa ndiye mwenyeji wake na ambaye nguruwe pia humbeba katika hatua ya vifuko. Aliuliza kama kuna nguruwe waliochinjwa na kukaguliwa, au walau ndimi zao kuangaliwa, akiongeza kwamba ukaguzi wa ulimi nao huwakosa wengi. Swali hilo nitalirudia mbele.

Wote wawili hawakugusa jambo lililousimamisha mswada. Aliyeligusa ni katibu wa jarida, binti aliyekuwa akipanga viambatisho. Sehemu ya mbinu ilisema tu kwamba utafiti ulifanyika “kati ya kiangazi na mwisho wa masika”. Faili la Excel lililoambatanishwa, ambalo jarida huwataka waandishi wote kulitoa, lilikuwa na safu ya tarehe. Vijiji vitatu vya kwanza vilichukuliwa sampuli mwezi Septemba. Barua ya kamati ya maadili ilisainiwa mwishoni mwa Novemba. Vijiji vitano vilivyobaki vilifuata Juni ya mwaka uliofuata, barabara zilipokauka.

Turnitin haioni jambo kama hilo. Inalinganisha maneno na maneno. Haijui kwamba kilichofanyika Septemba hakiwezi kuruhusiwa Novemba. Sisi tumezoea kuusoma mswada kuanzia muhtasari kwenda mahitimisho, na sehemu ya ithibati ya maadili tunaipitisha macho tukitafuta namba ya barua tu. Namba ipo? Ipo. Tunaendelea. Katibu huyu alikuwa akisoma kutoka nyuma kuja mbele, kwa sababu kazi yake inaanzia kwenye viambatisho.

Mhariri mkuu akaandika kwa waandishi barua fupi isiyo na shutuma: tumeona tarehe hizi mbili, tunaomba maelezo. Hapo alifanya sawasawa na miongozo ya COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa na wahariri nchini Uingereza mwaka 1997. Mwandishi huulizwa kwanza, na taasisi yake hufuatwa pale majibu yasiporidhisha.

Mwanafunzi alijibu usiku uleule. “Shikamoo Profesa. Ni kweli tulianza Septemba. Tulikuwa na barua ya Mkurugenzi wa Halmashauri, na Mganga Mkuu wa Wilaya alitupokea vizuri. Msimamizi alishauri tuwahi kabla ya mvua kwa sababu zikianza gari haliingii vijiji vya ndani. Naomba radhi kama tulikosea.”

Naamini kila neno la barua hiyo. Mtu aliyewahi kwenda kukusanya data vijijini anaijua safari ya barua: chuo kinamwandikia Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa unaandikia halmashauri, halmashauri inamwandikia Mganga Mkuu wa Wilaya na mtendaji wa kata, na mwisho unasimama mbele ya mwenyekiti wa kijiji ukiwa na bahasha iliyojaa mihuri. Baada ya safari hiyo ni rahisi kujiona umeruhusiwa na serikali nzima. Lakini hakuna hata mmoja katika mnyororo huo aliyeulizwa kama utafiti ni salama. Waliulizwa kama mgeni anaweza kuingia. Kupima hatari kwa anayetolewa damu au kinyesi ni kazi ya kamati ya maadili, ama ya taasisi au ile ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliyoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1979. Mshirika kutoka nje ya nchi akiwemo, COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, nayo inaingia. Mwanafunzi anayefanya utafiti kwa mara ya kwanza hawezi kuzipambanua mamlaka hizi kwa kuangalia rangi ya wino. Anayepaswa kuzijua ni msimamizi.

Na msimamizi hakuandika. Alipiga simu.

“Profesa, mwenzangu, hizi ni karatasi tu. Andiko tuliwasilisha Agosti, kamati ikakaa nalo mpaka Novemba. Utafiti ni uleule, dodoso ni lilelile, na hakuna aliyedhurika. Kijana anatakiwa apeleke makala kwenye bodi ya shahada za juu. Unataka arudie mwaka mzima kwa sababu ya tarehe?”

Katika maneno yake kuna lalamiko la haki. Miezi mitatu ni mingi kwa andiko la uzamili, na kalenda ya kamati haijui kwamba huku kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Fedha za utafiti wa mwanafunzi nazo zina tarehe ya kuisha. Kamati inayokutana mara chache kwa mwaka, ikaomba marekebisho, kisha ikasubiri kikao kinachofuata ili iyaone, inawasukuma watu kwenye njia za panya. Hilo lisemwe waziwazi, na lisemwe kwenye vikao vya vyuo ambako bajeti za kamati hupangwa.

Lakini kauli yake ya mwisho, kwamba hakuna aliyedhurika, ndiyo iliyonifanya nikiandike kisa hiki.

Bodi ya wahariri ilikutana. Profesa mstaafu alitaka mswada ukataliwe siku hiyohiyo. Alikuwa na Azimio la Helsinki mkononi, lile la Chama cha Madaktari Duniani lililopitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Azimio linataka andiko lipitiwe na kamati kabla utafiti haujaanza, na linasema bila kuzunguka kwamba ripoti za utafiti usiofuata misingi yake zisikubaliwe kuchapishwa. Mjumbe mwingine, mtakwimu, alipendekeza vijiji vitatu viondolewe, vitano vichapishwe, yaishe. Wa tatu alitaka vyote vinane vichapishwe pamoja na tamko la waandishi, kwa hoja kwamba wanakijiji walikwisha kutoa sampuli zao na kuzitupa ni kuwadharau mara ya pili.

Kukataa na kunyamaza kunaonekana ni usafi, ila ni kunawa mikono. Mswada uliokataliwa kwetu leo, wiki ijayo uko kwenye jarida jingine, pengine moja ya yale yanayotoza ada na kuuliza machache, na safari hii faili la Excel halina safu ya tarehe. COPE imewaeleza wahariri jambo hili kwa miaka mingi: ukishaona dalili za ukiukaji huruhusiwi kukataa tu na kusahau, una wajibu wa kulifuatilia, hata kama mswada hutauchapisha. Pendekezo la mtakwimu, likitekelezwa kimyakimya, ni baya zaidi. Msomaji wa kesho angeona utafiti safi wa vijiji vitano na asingejua kamwe kwamba kuna watu wa vijiji vingine vitatu waliopimwa na kutibiwa nje ya utaratibu. Pendekezo la tatu lina moyo mzuri na sitalicheka, ila lina tundu: linachukulia kwamba kilichokosekana Septemba ni sahihi peke yake, na kwamba sahihi hiyo ingekuja kwenye andiko lilelile.

Mhariri mkuu ndiye aliyeliona tundu hilo. Aliomba kitu ambacho hakuna aliyekifikiria: matoleo mawili ya andiko la utafiti, lile la Agosti na lile lililopitishwa Novemba, pamoja na maoni ya kamati yaliyoyatenganisha. Yalipofika, mjadala wa tarehe ukageuka kuwa mjadala wa dawa.

Andiko la Agosti lilisema kwamba mtu atakayeonekana na antijeni za tegu kwenye kinyesi atarudiwa kijijini na kupewa prazikwanteli, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Kitabuni hakuna kosa hapo. Ni moja ya tiba zinazopendekezwa kwa tegu wa tumboni, na ni dawa iliyozoeleka, kwa sababu ndiyo inayotolewa shuleni dhidi ya kichocho, tena kwa dozi kubwa zaidi, miligramu 40 kwa kilo. Huko Mbozi na Mbeya watafiti waliwahi hata kuangalia kampeni hiyo ya kichocho ina athari gani kwa tegu wa nguruwe, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Timu ya mwanafunzi ilikuwa nayo tayari kwenye boksi.

Kamati iliuliza swali moja: itakuwaje kwa mtu mwenye tegu tumboni ambaye pia ana vifuko kwenye ubongo na hajijui?

Prazikwanteli haiishii tumboni. Inaingia kwenye damu, na inaweza kufika kwenye ubongo. Vifuko hai vinaweza kukaa kimya kwa miaka mingi, kwa sababu kimelea akiwa mzima ana mbinu za kuituliza kinga ya mwili. Dawa ikivijeruhi, utulivu huo unavunjika, ubongo unavimba kuzunguka kifuko, na mtu ambaye hajawahi kuanguka kifafa anaweza kuanguka, labda siku hiyo, labda siku chache baadaye. Hatari hii kwa dozi ndogo si kubwa, na sisemi prazikwanteli iogopwe. Ila mwenye tegu tumboni ndiye aliye katika nafasi mbaya zaidi ya kumeza mayai yake mwenyewe, kwa hiyo kundi linalopewa dawa ndilo kundi ambalo swali la ubongo linalihusu zaidi. Niklosamidi, dawa nyingine ya tegu, kinyume chake karibu yote hubaki ndani ya utumbo.

Kamati ikaweka masharti. Kabla ya dawa, kila mtu aulizwe kama amewahi kuanguka kifafa au ana maumivu makali ya kichwa ya muda mrefu. Mwenye dalili asipewe dawa kijijini, apelekwe hospitali ya wilaya. Wengine wapewe niklosamidi, gramu 2 kwa mtu mzima. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii awapitie siku zinazofuata. Na fomu ya ridhaa iandikwe namba ya simu ya kamati, ili mwenye malalamiko awe na pa kuyapeleka mbali na mtu aliyemchoma sindano.

Vijiji vitano vya Juni vilipata haya yote. Vijiji vitatu vya Septemba havikupata hata moja. Watu wao walimeza prazikwanteli kwa utaratibu wa Agosti, gari likaondoka, na mvua zikafunga njia.

Sasa tuirudie ile kauli kwamba hakuna aliyedhurika. Fomu ya Septemba haikuwa na sehemu ya kuandika madhara. Hakuna aliyerudi kuuliza. Mama aliyeanguka kifafa jikoni wiki moja baada ya kumeza dawa angepelekwa kwa mganga wa jadi au zahanati, na huko hakuna ambaye angekihusisha kifafa hicho na kijana wa chuo aliyepita kukusanya vikopo vya kinyesi. Katika sayansi za afya “hatukuona madhara” ni sentensi yenye maana pale tu mtu alipokuwa akitazama. Mswada uliiandika kama matokeo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na msimamizi, na kwa kweli hata na profesa mstaafu. Wote wawili waliichukulia ithibati kama lango: mmoja alilalamika kwamba linafunguliwa polepole, mwingine akasisitiza kwamba halirukwi. Lakini kamati katika kisa hiki haikufanya kazi ya bawabu. Iliufanya utafiti kuwa bora. Ilibadilisha dawa, ikaongeza swali, ikaongeza ufuatiliaji. Utafiti wa Septemba na ule wa Juni si utafiti mmoja uliokatwa vipande viwili na tarehe ya barua. Ni tafiti mbili zenye taratibu mbili tofauti za kuwatunza watu, zikiwa zimewekwa kwenye jedwali moja. Hata mtu asiyejali maadili hata kidogo angepaswa kukataa kuzijumlisha.

Upande wa takwimu niupite haraka, ingawa mtakwimu aliushikilia saa nzima. Kuondoa vijiji vitatu kati ya vinane si sawa na kuondoa idadi ileile ya watu waliotawanyika kila mahali. Watu wa kijiji kimoja wanafanana: wanatumia choo cha aina moja au hawana, nguruwe wao wanazurura pamoja. Kila kijiji kwa hiyo kinahesabika kama kipande cha ushahidi, na kubaki na vitano kunapanua ukingo wa makosa kuliko wanafunzi wengi wanavyotarajia. Isitoshe, vitatu vya mwanzo ndivyo vilivyokuwa na nguruwe wengi wanaozurura, kwa hiyo kuviondoa kulishusha kiwango cha maambukizi kwa jumla. Mwanafunzi aliogopa kwamba makala itakosa mvuto. Itakosa kweli, kidogo.

Kisha kuna mtu wa maabara. Kwenye mswada alitajwa mstari wa mwisho wa shukrani, baada ya madereva. Huyu ndiye aliyepokea sampuli zote, akasoma sahani zote za Elisa, yaani kipimo kile cha antijeni, akarudia zile zenye majibu ya mashaka na kusaidia kuandika aya mbili za mbinu. Mkuu wa idara, ambaye kwa maelezo ya waandishi wenyewe “aliwezesha mazingira ya kazi”, alikuwa mwandishi wa nne. Vigezo vya wahariri wa majarida ya tiba, kundi lililoanza kukutana Vancouver mwaka 1978, vinajulikana: mchango wa maana katika kubuni, kukusanya au kuchambua, kushiriki kuandika au kuhakiki kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na, tangu mwaka 2013, kukubali kuwajibika kwa kazi yote. Mtu anatakiwa avitimize vyote vinne. Kuwezesha mazingira hakumo.

Wengi huuona mjadala huu wa majina kama ugomvi wa heshima na posho za kupanda cheo. Kuna upande wa kazi pia. Daftari la kupokea sampuli lilikuwa mezani kwa mtu wa maabara, na tarehe za Septemba zilikuwa zimeandikwa kwa mwandiko wake. Kama angekuwa mwandishi angepewa toleo la mwisho alisome na kuliidhinisha, na ana macho. Aliyeijua kazi aliwekwa nje ya orodha, aliyewekwa ndani hakuijua kazi, na sahihi nne za waandishi hazikuweza kukamata kile ambacho daftari moja lilikuwa nacho wakati wote.

Uamuzi wa jarida ulikuwa na hatua tatu. Mswada ulisimamishwa, bila kukataliwa. Waandishi waliarifiwa kwamba jarida linaiandikia kamati ya maadili iliyotoa barua, na nakala walipewa. Na jarida lilisema wazi kwamba halitaupokea tena bila majibu ya kamati. Msimamizi alikasirika, akatishia kuuondoa mswada na kuupeleka kwingine. Mhariri mkuu alimjibu kwa adabu kwamba kuuondoa ni haki yake, na kwamba barua kwa kamati itakwenda vilevile.

Kamati haikutoa kibali cha kurudi nyuma. Haikuwa na namna ya kukitoa: huwezi kupitia hatari ambazo watu wamekwisha kuzibeba. Ilichofanya kina akili zaidi. Iliagiza timu irudi kwenye vijiji vitatu ikiwa na tabibu wa zahanati ya eneo, iwatafute wote waliopewa dawa, iwaambie majibu yao ya vipimo, iwaulize kuhusu kifafa na maumivu ya kichwa tangu siku ile, na wenye dalili wapelekwe wakaangaliwe kwa gharama ya mradi. Iliamuru data za vijiji hivyo zisitumike kwenye makala wala tasnifu, ila zitumike kwa huduma ya wenyewe waliozitoa. Msimamizi mkuu, wala si mwanafunzi, ndiye aliyetakiwa kuandika ripoti na kuisaini. Hiki cha mwisho nakipenda sana. Mara nyingi mzigo wa namna hii hutelemka mpaka ukamkuta aliye chini kabisa.

Je, ilikuwa sawa kuzuia data za vijiji vitatu? Yule mjumbe wa tatu bado anasema hapana, na hoja yake ninaiheshimu: watu walioacha shamba asubuhi nzima wakasimama kwenye foleni walitarajia mchango wao uhesabike. Jibu langu ni kwamba waliahidiwa pia kutunzwa, na ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa na deni kubwa zaidi. Data zikishakubalika kuchapishwa, hakuna tena kinachomlazimisha mtu kurudi kijijini. Tunajua sote jinsi mradi unavyokufa siku makala inapotoka.

Timu ilirudi Mei, kabla njia hazijakauka vizuri. Baadhi ya waliotafutwa walikuwa wamehamia Tunduma kwenye biashara. Wazee wachache walitaka maelezo kwa Kinyiha, na tabibu wa zahanati ndiye aliyeyatoa, jambo ambalo Septemba lilikuwa limefanywa kwa Kiswahili na kwa haraka. Waliokuwa na maumivu ya kichwa walipelekwa hospitali. Kama kichwa cha mtu kilianza kuuma kabla au baada ya dawa, hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika miezi mingi baadaye, na ripoti iliandika hivyohivyo.

Mswada umerudi sasa na vijiji vitano. Kuna aya inayoeleza kwamba vijiji vitatu vilifikiwa kabla ya ithibati, kwamba vimeondolewa, na kwamba kamati iliagiza nini. Msimamizi alijaribu kuifupisha iwe sentensi moja. Jarida likarudisha aya nzima. Mtu wa maabara ni mwandishi wa pili. Mkuu wa idara yuko kwenye shukrani, pamoja na madereva. Fomu ya jarida ya kupokea miswada imeongezewa visanduku viwili vya lazima, tarehe ya ithibati na tarehe ya sampuli ya kwanza, na mfumo unagoma wenyewe ya pili ikiitangulia ya kwanza. Mwanafunzi amechelewa mahafali ya mwaka huu.

Kilichobaki ni swali la daktari wa mifugo. Katika msukosuko wote wa tarehe, waandishi walilijibu kwa mistari miwili, wakidai kwamba Taenia hydatigena “hatarajiwi” katika eneo hilo. Daktari amewarudishia: Mbozi ina mbwa, ina mbuzi, na machinjio mengi ni ya uani ambako mbwa hupewa matumbo. Nani amechunguza mpaka aseme hatarajiwi? Anataka ama nguruwe wachache wachinjwe na kupasuliwa vipande vyembamba kutafuta vifuko, ama kiwango cha maambukizi kwa nguruwe kiandikwe kama kiwango cha antijeni za tegu kwa jumla, bila kutaja aina. Chaguo la kwanza linahitaji fedha ambazo mradi hauna tena. La pili linahitaji kubadilisha kichwa cha makala, na hapo ndipo waandishi wamesimama kwa sasa.